Mama Waache na Malkia Asiye na Alama

Mtaani kwetu ukimwulizia Mama Mkubwa kwa jina lake la kweli utazungushwa mpaka soli za viatu ziishe. Ulizia Mama Waache, utaletwa mpaka mlangoni. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu ukimlalamikia kitu chochote jibu lake la kwanza ni hilohilo. Watoto wanapiga kelele kwenye ngazi? Waache, watachoka. Paka wamelala juu ya vitambaa? Waache, wakishiba usingizi watatoka. Hata mimi nilipoacha shule nikaja kukaa kwake, watu walimuuliza mbona huyu msichana wa mdogo wako haongei. Akasema, mwacheni, akiwa na neno atalisema.

Kazi yake ni kushona mapazia. Duka liko chini ya jengo letu, chumba kirefu chenye meza ya kukatia, mashine mbili, na mapazia ya watu yaliyoning'inia kila upande hata mteja akiingia huwezi kujua ni nani mpaka atokeze kichwa. Nyuma ya duka kuna ngazi ya chuma inayopanda mpaka juu ya paa. Paa lenyewe ni bapa, la saruji, lina tangi la maji, kamba za kuanikia, na mizinga ya nyuki. Ile iliyo karibu na tangi ni ya Mjomba, ndugu yake wa kiume wanayefuatana naye. Ule mmoja ulio peke yake karibu na kamba ndio wake.

Mjomba ni fundi bomba, na nadhani ndiyo sababu yuko vile alivyo. Kwake kila kitu kilichofungwa kina hitilafu ndani. Akisikia tone, anafungua. Asiposikia tone, anafungua ajue kwa nini hasikii. Nyuki wake anawafungulia kila mara, anahamisha fremu za masega, hii huku na ile kule, maua yakipungua anawapa maji ya sukari, na msimu ukifika anawawekea dawa. Dawa yenyewe ni vipande vyembamba vya plastiki vinavyoning'inizwa katikati ya masega, ili kuua wale wadudu wadogo wekundu wanaong'ang'ania mwili wa nyuki kama kupe kwenye ng'ombe. Sisi tunawaita kupe tu. Malkia wake wote amewadondoshea mgongoni tone la rangi nyekundu ya kucha ili akifungua awaone mara moja. Rangi ni ya mkewe. Mkewe anasema ndiye mwanamke pekee mjini anayechangia rangi ya kucha na wadudu.

Mama Mkubwa hafanyi lolote kati ya hayo. Anafungua sanduku la juu la mzinga tu, wakati wa kukata asali, na hata hapo anawaachia kiasi kikubwa. Sanduku la chini, ambamo malkia anaishi na kutaga, hajawahi kuligusa tangu Mjomba alipowahamishia humo hao nyuki. Walikuja wenyewe, wakajaa kwenye kasha lake la vibanio vya mapazia. Kazi yake kwao ni kukaa. Asubuhi kabla ya kufungua duka anapanda na kikombe cha chai, anakaa kando ya mlango wao mdogo, anawatazama wanaotoka na wanaoingia.

"Dada, huko ni kufuga au ni kupiga umbea?" Mjomba humuuliza.

"Wewe daktari, nenda kwa wagonjwa wako."

Si kwamba hakuwahi kujaribu dawa. Kundi lake la kwanza kabisa, kabla ya hili, alimruhusu Mjomba alitibu. Ilikuwa dawa ya aina nyingine, ya harufu, na siku ilikuwa ya joto la kuchoma. Nyuki walitoka wote wakaning'inia nje ya mzinga kama ndevu, na kesho yake walikuwa wameshahama. Hawakuacha hata mlinzi. Mjomba mwenyewe anakiri kwamba siku ile haikuwa ya dawa ile. Lakini Mama Mkubwa alikata shauri hapohapo kwamba nyuki watakaomjia tena atawaacha wajiishie wanavyojua.

Na walijiishia, mpaka mwaka huu.

Mwaka huu niliona kitu. Asubuhi alipokuwa akipanda na chai, alianza kupanda na ufagio pia. Nyuki walikuwa wakitambaa kwenye saruji mbele ya mzinga wake, wachanga bado, wenye mabawa yaliyojikunja kama karatasi iliyoungua. Hawawezi kuruka. Wanatembea tu, wanazunguka, wanakufa. Kila mtu anayefuga anajua maana yake: hizo ni kazi za kupe. Mama Mkubwa alikuwa anawafagia kwenye beleshi la taka, anawashusha chini na kuwamwaga pamoja na vipande vya uzi, kabla Mjomba hajafika. Hakuniambia lolote. Nami sikuuliza. Ila niliona kwamba mkono wake wa kukata, ambao haujawahi kutetemeka, ulikata pazia la mteja upande mfupi upande mrefu, ikabidi aunge pindo.

Ndipo Mjomba alipoteremka ngazi siku moja akiwa amevua kofia, akasimama mbele ya meza ya kukatia.

"Dada, nina neno."

"Sema, usinizibie mwanga."

"Kupe wamerudi kwangu. Nimeweka dawa, nimetoa dawa, wamerudi. Unajua wanatoka wapi?"

"Kwani kupe wanavaa sare, niwajue ni wa nani?"

"Nyuki wanatembeleana, dada. Wako akipotea njia anaingia kwangu na mzigo mgongoni. Mimi natibu, wewe unazalisha. Na hata usipowajali wangu, wafikirie wako. Utapanda siku moja ukute kasha la nta tupu. Hutaki hilo mara ya pili."

Nilidhani atamfukuza. Yeye na Mjomba hutupiana maneno kama watoto wanaogombea mswaki, na yeye ndiye hushinda. Lakini siku hiyo hakushindana. Alikuwa ameshika chaki, akachora mstari mahali pasipo na kitambaa, juu ya meza.

"Unatakaje?" akasema.

Mjomba mwenyewe alishtuka. Alikuwa amejiandaa kwa vita, akakuta mlango wazi.

"Tupime," akasema. "Bwana mifugo alinionyesha. Unachukua nyuki kikombe, unawamwagia sukari ya unga, unawatikisa. Sukari inawafanya kupe wateleze, wanaanguka, tunawahesabu kwenye sahani. Nyuki hawafi. Wakizidi kiasi, unakubali dawa. Wakiwa wachache, sitalitaja neno dawa mbele yako tena."

"Utaweza?"

"Nitajitahidi."

"Jumamosi, basi," akasema Mama Mkubwa.

Jumamosi tukapanda. Nyavu za kujikinga uso hushona Mama Mkubwa mwenyewe, kwa mabaki ya mapazia ya wavu, kwa hiyo Mjomba, mtu mzima mwenye tumbo, alikuwa amejifunika maua ya waridi kuanzia kofia mpaka mabegani. Alivaa ovaroli yake ya kazini, na kwenye mfuko alikuwa na dawa tayari, kwenye pakiti yake.

"Umeshaniamulia," Mama Mkubwa akasema alipoiona.

"Fundi haendi kazini bila spana."

Mama Mkubwa alishika kopo la moshi wa kuwatuliza nyuki, mimi nikabaki mlangoni pa ngazi. Mjomba akatoa sanduku la juu, kisha, taratibu, akachomoa fremu ya katikati kutoka sanduku la chini. Sijawahi kuona kitu kizito vile kwa nyuki. Walikuwa wamefunika sega lote, tabaka juu ya tabaka. Mama Mkubwa alisogea, akawa anatazama kama mtu anayeingizwa kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kulala cha nyumba aliyoizoea ukumbini.

Hapa ndipo panapotakiwa uangalifu. Kikombe cha nyuki huchukuliwa kwenye sega la watoto, na huko ndiko malkia anakopenda kuzurura. Kwa hiyo kwanza unamtafuta, ukimwona unamweka pembeni. Mjomba aliigeuza fremu upande huu, akaigeuza upande ule, macho yamekaza ndani ya waridi zake.

"Hapa hayupo," akasema. "Nimekagua pande zote."

Akakung'uta nyuki kwenye beseni, akachota kikombe, akawatia kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko wa wavu. Akamwaga sukari ya unga juu ya wavu, akaizungusha chupa mikononi polepole, nyuki wakawa weupe kama waashi. Kisha akaigeuza juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo, akaitikisa, na sukari ikawa inaanguka kama chokaa.

Sukari ikayeyuka. Wote wawili wakainama.

Mama Mkubwa hakuwa anapumua. Niliuona wavu wake umetulia kabisa mbele ya mdomo.

"Huyo mmoja," Mjomba akasema. "Huyo wa pili. Hicho ni nini, uchafu. Huyo hapo." Akaizungusha sahani. Akaitazama kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili. "Mbona hawatoshi?"

"Hawatoshi nini?"

"Hawafiki hata vidole vya mkono mmoja. Bwana mifugo angesema hawa wako salama." Akaitikisa chupa tena kwa nguvu. Haikuanguka kitu ila sukari.

Mama Mkubwa akakaa chini kwenye saruji, na kopo lake la moshi mkononi. "Basi kwa nini wananifia?" akasema, na sauti haikuwa yake.

Ndipo akaeleza yote, ufagio, beleshi, mabawa yaliyokunjamana. Mjomba hakumcheka. Alipiga magoti mbele ya mzinga, akaokota nyuki mmoja aliyekuwa anatambaa, akamweka kwenye kiganja, akamsogeza mwangani.

"Huyu amekokotwa," akasema. "Tazama pale mlangoni, tazama wale wawili."

Pale mlangoni nyuki wawili wakubwa walikuwa wanamvuta mchanga mmoja, huku na huku, mpaka ukingoni, wakamsukuma akaanguka.

"Dada, nyuki wako wanafanya usafi. Mtoto mwenye kupe wanamfukua kwenye chumba chake kabla kupe hajazaa sana, wanamtupa nje. Nimewahi kuambiwa wapo wa namna hiyo. Sikuamini." Akatingisha kichwa. "Na wewe ukafagia ushahidi."

"Nilidhani nawaua kwa kuwaacha," Mama Mkubwa akasema. Akainua wavu akajifuta macho, nyuki wakimzunguka, hakujali.

Mjomba akawarudisha wale weupe wa kwenye chupa. Alichuchumaa mbele ya mlango wa mzinga, akawamwaga kwenye kibao chao cha kutua. Wengine wakaingia, wengine wakaruka ovyo, wengine wakaanguka chini. Akafunga mzinga, akajikung'uta mikono, na sote tukasogea kwenye kivuli cha tangi. Mama Mkubwa alikuwa anaongea kwa furaha kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Akasema atamshonea Mjomba wavu mwingine usio na maua. Mjomba akasema ameshazoea maua.

Kisha Mama Mkubwa akakatiza neno katikati.

"Sikilizeni."

Mzinga ulikuwa unalia. Nyuki siku zote wana sauti, lakini hii ilikuwa inapanda na kushuka kama kilio, na mbele ya mzinga walikuwa wanakimbia juu na chini ya ubao, wanaingia, wanatoka, hawatulii.

"Wamekasirika," Mjomba akasema. "Tumewafungua."

"Nimekaa mlangoni kwao asubuhi zote hizi. Hasira yao naijua. Hawa wanamtafuta mtu."

Mjomba akabaki amesimama. Uso wake, ndani ya waridi, nikauona unabadilika.

"Dada. Malkia wako umempaka rangi?"

"Nimpake rangi ya nini, anaenda harusini?"

"Mimi nilitafuta alama." Akaitazama chupa ya jemu. "Nilitafuta nukta nyekundu. Sikuiona, nikasema hayupo."

Wakatazamana. Hapo hakuna aliyeweza kumlaumu mwenzake, kwa sababu Mama Mkubwa naye alikuwa amesimama palepale, uso juu ya sega, kopo la moshi mkononi.

"Wewe ungemjua?" Mjomba akauliza kwa upole.

"Sijawahi kumwona hata siku moja."

Kwa hiyo malkia alikuwa ametiwa kwenye chupa ya jemu, akamwagiwa sukari, akatikiswa mara mbili, akamwagwa nje pamoja na raia wa kawaida. Na malkia anayetaga ni mzito, haruki vizuri. Angekuwa popote. Angekuwa chini ya kiatu cha mtu. Na kundi likikosa malkia huzubaa, hupungua, na huweza kufa lote, hata lisipokuwa na kupe hata mmoja.

Mama Mkubwa alivua viatu akabaki pekupeku, asije akamkanyaga. Mjomba alipiga magoti. Wakapekua beseni, wakapekua chupa, wakainua sahani, wakatazama chini ya kigoda cha mzinga na nyuma ya matofali. Mjomba alitembeza mkono kwenye saruji kama mtu aliyepoteza sindano. Jua lilikuwa limepanda, saruji inachoma, na mzinga unalia vilevile.

"Nitakupa malkia wangu mmoja," Mjomba akasema. "Yule wa mzinga wa pembeni, mpole sana."

"Yule mwenye kucha nyekundu? Watamcheka." Lakini hakucheka yeye. Alikuwa ameishika kamba ya kuanikia kwa mikono miwili. "Hawa ni wale wanaojisafisha. Wakiisha hawa, nitawatoa wapi?"

"Nisamehe, dada."

"Tulikuwa wawili pale."

Mjomba akavua kofia na wavu, akavuta ndoo iliyofudikizwa, akageuka ili akae.

"USIKAE!"

Sikujua Mama Mkubwa ana sauti ile. Paka aliyekuwa kwenye ngazi alishuka ngazi zote kwa mruko mmoja. Mjomba aliganda hapohapo, magoti yamekunjwa nusu, makalio hewani, kama mtu aliyepigwa picha akiingia chooni.

"Nini?"

"Usikae. Usisimame. Usipumue."

Nyuma ya ovaroli yake, chini kidogo ya mkanda, palikuwa na fungu la nyuki. Dogo, kama yai la kuku, limeshikana kabisa, na baadhi yao bado weupe kwa sukari. Nyuki hawajikusanyi hivyo mahali pa ovyo bila sababu. Alipochuchumaa kuwamwaga, malkia alikuwa amepanda kwenye nguo yake, na waliomnusa wakamfuata.

"Yupo hapo?" Mjomba akanong'ona.

"Yupo hapo. Umembeba muda wote huu tunapekua matofali."

"Mtoe basi!"

"Nikimgusa atadondoka. Rudi nyuma. Mpeleke mwenyewe."

Basi Mjomba akaanza kurudi nyuma kuelekea mzinga, ameinama, mikono magotini, na Mama Mkubwa anamwongoza kama utingo anayerudisha lori. Rudi. Rudi. Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Rudi taratibu. Simama.

Kwenye jengo la ng'ambo jirani alikuwa anaanika mashuka. Akaegemea ukuta akatazama. "Mama Waache! Huyo kaka yako anaadhibiwa?"

"Mwache!" Mama Mkubwa akajibu bila kugeuka.

Mjomba aliinama mpaka kitambaa cha ovaroli kikagusa kibao cha kutua. Ikapita kitambo. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. "Wanafanyaje?" akauliza. "Nyamaza," akaambiwa.

Kwanza mmoja aliingia, akageuka mlangoni, akainua mkia juu na kupepea mabawa. Hapo huwa wanatoa harufu ya kuwaita wenzao. Wa pili akafanya vilevile, kisha wakawa safu nzima, mikia juu, na lile fungu likaanza kulegea na kutiririka kutoka kwenye ovaroli mpaka kwenye ubao. Katikati yao akatokea yeye. Mrefu, wa rangi ya kahawia, tumbo limechongoka, mgongoni ana vumbi jeupe la sukari. Alitembea bila haraka, wanampisha njia, akapita mlangoni.

Mama Mkubwa alikuwa amejishika kifua. "Kumbe ndivyo ulivyo," akamwambia.

Sauti ya mzinga ilishuka. Haikukatika ghafla, ilishuka kama maji yanapoacha kuchemka, mpaka tukasikia tena magari ya barabarani.

"Nisimame?" Mjomba akauliza.

"Simama, baba. Simama."

Alinyooka, mgongo ukalia. Wakatazamana, na hapo kicheko kikawashika, cha kushikana mabega, wakikohoa kwa moshi, Mjomba akisema kwamba amefanya kazi na mabomba miaka yote lakini hajawahi kuwa yeye ndiye bomba. Pakiti ya dawa ilibaki mfukoni bila kutajwa. Ni kwa ajili ya mizinga yake. Ya kwake anaitibu mpaka leo, na hakuna anayemsimanga.

"Mvua zikikatika uje tena na sahani," Mama Mkubwa akamwambia wakishuka ngazi.

Mjomba akasimama. "Wewe ndiye unayesema?"

"Ndiyo mimi. Ila safari hiyo tafuta malkia, usitafute rangi."

Hata hivyo hatukuwa na uhakika. Malkia aliyetikiswa kwenye chupa anaweza kuwa ameumia ndani, akaishi siku chache tu, au asitage tena. Mjomba alitaka mzinga ufunguliwe watazame mayai. Mama Mkubwa alikataa. Siku zile alipanda na chai kama kawaida, lakini chai ilikuwa inateremka ikiwa imejaa vilevile. Dukani aliongea kidogo. Mteja mmoja alimlalamikia kwamba pazia lake limechelewa, akasema pole, jambo ambalo si kawaida yake.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia duka nikasikia anateremka mbio kwenye ngazi ya chuma, ngazi nzima inatetemeka. Hakuniambia kitu. Alichukua simu kwenye meza ya kukatia akampigia Mjomba, na kwa kuwa Mjomba huongea kwenye simu kama yuko ng'ambo ya mto, nilimsikia vizuri.

"Wanabeba," Mama Mkubwa akasema.

"Nani anabeba nini?"

"Chavua. Ya njano, ya machungwa, miguu imejaa, wanasukumana mlangoni kama wanawahi soko. Chavua ni chakula cha watoto. Nyumba isiyo na watoto wachanga haiwezi kuhangaika hivyo."

"Umefungua ukaona mayai?"

"Sijafungua."

Mjomba akacheka kwa nguvu hata mkewe akasikika nyuma akiuliza kuna nini, naye akamwambia, "Malkia wa dada anataga. Hapana, hakupakwa rangi. Yako ipo kabatini, nimeirudisha."

Mama Mkubwa akaweka simu kando ya mkasi. Akatazama mapazia yaliyojaa chumba kizima kama ndiyo kwanza anayaona, akavuta kiti, akaniuliza kama mkate umebaki.